Fedha za Shule ni Amana



Serikali ya Uganda ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, ilianza na watoto wanne kwa kila familia. Nyumbani kwetu tulikuwa saba. Wazee walikaa kikao kuamua nani asome bure na nani asubiri. Alhamdulillah, baadaye mpaka huo uliondolewa na wadogo zetu nao wakaingia darasani. Nchi nzima, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata.

Wafadhili walichangia sana. Mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupunguziwa madeni chini ya mpango wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa nchi maskini zenye madeni mazito. Fedha zilizookolewa zilitiwa katika mfuko wa kupambana na umaskini, na elimu ya msingi ikapata fungu kubwa.

Lakini ndugu zangu, fedha kutoka hazina si sawa na chaki mkononi mwa mwalimu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zao. Nyingi zilipotelea wilayani. Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu mahali pa wazi. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika.

Shuleni kwetu karatasi ilibandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Baba alijua kusoma Qur'ani, Kiingereza hakujua, hivyo sisi watoto tulimsomea. Kwenye mkutano wa wazazi akauliza kwa adabu: fedha hizi zimenunua nini? Mwalimu mkuu akaleta stakabadhi na vitabu. Hakuna aliyegombana.

Msaada wa nje una mwisho. Mwaka 2025 tumeona Marekani ikilifunga shirika lake la misaada, USAID. Kidogo kinachobaki kinahitaji ulinzi zaidi, nacho ni amana ya watoto wetu. Basi mkutano wa wazazi ukiitwa, twendeni, baba na mama. Tuulize kimeingia kiasi gani, lini, na kimenunua nini. Swali hilo halihitaji cheti.

Wabillahi tawfiq.