Jiko la Gesi Kabla ya Mvua

Akina mama wenzetu, jiko la mafiga halidai mengi; ukizoa majivu kazi imekwisha. La gesi halimo humo, nasi tulichelewa kulijua hilo.

Sisi ni wake wa ndugu wawili, tunapikia jiko moja hapa Geita, waume zetu wakienda zamu mgodini. Kiangazi vumbi huingia hadi kabatini, sembuse jikoni. Tangu mwezi wa saba tuliona mwali umekuwa wa manjano na sufuria zinashika masizi. Mwali mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiwa wa manjano, hewa haitoshi, mara nyingi kwa uchafu. Tuliliona, tukanyamaza. Kila mmoja alikuwa akihesabu moyoni nani alisafisha mara ya mwisho.

Mwezi wa kumi akaja mama mkwe kutoka Shinyanga. Mayu amepika kwa mabua ya pamba miaka ile kuni zilipokuwa adimu, kabla mradi wa HASHI, ulioanza 1986, haujarudisha ngitili. Gesi hakuipenda. Alitandika mkeka chumba cha pembeni mwa jiko, akalala na mjukuu wa miaka minne.

Usiku akatuita: "Wanangu, humu kuna panya ameoza." Tulipofika mlangoni harufu ilitupiga, naye ameshika kiberiti atafute huyo panya.

Tulimkamata mkono. Taa hatukuigusa. Tukambeba mtoto nje, tukafungua milango na madirisha, tukafunga mtungi kwa kupapasa gizani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka chini; ndiyo maana waliolala mkekani iliwafikia kwanza, sisi wa vitandani hatukusikia kitu.

Asubuhi tukakuta panya kweli yupo, ila mzima: alikuwa ametafuna mpira nyuma ya jiko, mahali tusipopafagia tangu Pasaka.

Sasa kila mwezi wa tisa, kabla ya mvua, tunalifungua pamoja. Mtungi unafungwa, jiko linaachwa lipoe. Vichwa tunavilowesha katika maji ya moto na sabuni, tunavisugua kwa mswaki wa zamani, matundu tunayazibua kwa sindano. Jivu na mchanga, tulivyozoea kwa sufuria, hapana! Mwaka mmoja tulitumia, punje zikaziba matundu yote. Kile kitundu kidogo cha ndani kinachotoa gesi hatukichokoi, kikipanuka mwali huharibika. Hicho ni cha fundi. Vichwa vinaanikwa juani vikauke kabisa.

Mpira tunaukunja kidogo kidogo kutafuta nyufa. Ukiwa na alama yoyote tunanunua mwingine, hata kama ni wiki ya ada. Kisha tunafungua gesi bila kuwasha moto na kupaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likivimba, pale panavuja.

Mayu akiwapo, kupaka povu hataki atuachie. Anavaa miwani, anainama, anatunyamazisha sote pamoja na redio.