Kaa Chini, Usimfuate



Jumamosi iliyopita kijana wangu aliniomba nimpeleke Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, akapige picha za mbega. Nilikubali mara moja. Ana miaka 19, na tangu mwaka jana hakanyagi kanisani. Nikasema moyoni, leo ndani ya gari hana pa kutorokea. Nikamhubiria kutoka nyumbani hadi getini. Yeye alitazama dirishani tu.

Tuliingia alfajiri, mbega wakinguruma juu ya miti. Nikaona mmoja, manyoya meupe yamemwangukia ubavuni kama joho. Nikatoa simu, nikakimbia hadi chini ya mti huku nikipiga flashi. Matawi yakatikisika, akapotea. Nilichopata ni picha ya majani.

"Baba," kijana akasema polepole, "ukimfuata anakimbia. Zima flashi, kaa chini. Akiona humsumbui, atarudi kula."

Tulikaa juu ya mzizi karibu saa nzima. Sikusema neno, na kwa mhubiri hiyo si kazi ndogo. Mbega wakarudi mmoja mmoja wakitafuna majani. Mama mmoja alikuwa na mtoto kifuani, mweupe pepepe, maana ndivyo wanavyozaliwa. Kijana akapiga picha chache.

Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kwa nini aliacha kanisa: "Baba, kila nikikosea, Jumapili ninakuwa mfano wa mahubiri."

Wapendwa, nililia pale msituni. Nilimwomba msamaha. Hata haya ninayoandika, nimemsomea kwanza, naye amekubali.

Soma Luka 24. Wale wawili wa Emau walikuwa wanaondoka Yerusalemu wamekata tamaa. Yesu hakuwazibia njia. Alitembea nao, akawauliza wana nini, akawaacha waseme yote. Maandiko aliwafungulia baadaye.

Mzazi, mchungaji mwenzangu, huenda huyo unayemfuata hamkimbii Mungu. Anakimbia flashi yako.

Jumapili kijana hakuja ibadani. Lakini jioni alinitumia ile picha ya mama na mtoto, akaniuliza tutarudi lini.

Tuombe: Bwana, nisamehe pale nilipowaanika niliopaswa kuwafunika. Nifundishe kuketi, kunyamaza na kusikiliza. Katika jina la Yesu, amina.

Ni nani unahitaji kuketi naye wiki hii bila kumhubiria? Mungu akubariki.