Nambari za Nyuma

Mimi theluji nimeiona ndani ya friji tu. Nakwambia mapema, msomaji, usije ukadhani unasoma habari za mtu aliyetembea. Friji yetu pale Kisauni ilikuwa mbovu, barafu ikijaa mama ananituma niikwangue kwa mwiko, na kujua kwangu baridi kuliishia hapo. Kwa hiyo simu ilipolia alfajiri ya Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018, ati niamke nitazame wanawake wakiteremka mlima huko Korea Kusini, nilidhani aliyepiga amerukwa na akili.

Aliyepiga ni mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Alizaliwa Malindi. Alipokuwa na miaka minne mamake aliolewa na Mjerumani, wakahamia kusini ya Ujerumani, kwenye milima yenyewe, ambako mtoto hufungwa vile vibao vya skii miguuni kabla hajajua kusoma. Desemba ya 2017 alikuja likizo akiwa msichana wa miaka kumi na saba, na Kiswahili chake kimevunjika vipande vipande. Siku ya kwanza aliinama mbele ya bibi akasema, "Shikamoo marahaba," yote kwa pumzi moja, akajiitikia mwenyewe. Nyumba nzima tulicheka. Tukamcheka tena kwa chai "iliyolala", alimaanisha imepoa, na tena kwa namna alivyokula samaki kwa uma. Alikuwa akicheka na sisi. Halafu siku moja hakucheka, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba, penye karo, mpaka magharibi.

Mimi niliona hadithi. Si unajua tulivyo sisi tunaojiita waandishi. Alipoondoka tu nikaketi nikaandika kurasa sita, nikaziita "Mzungu wa Magendo", nikazisoma kwenye kikundi chetu. Jamani, walicheka! Mmoja alimwaga soda. Wakasema hii lazima itumwe, itachapwa. Bahasha nikainunua, anwani nikaiandika. Kilichobaki kilikuwa stempu.

Sasa turudi kwenye simu.

"Kaka, wewe ona! Mkenya yuko! Mimi nashika simu, wewe ona!"

Akaielekeza simu yake kwenye televisheni ya kwao. Kwao ilikuwa bado usiku wa manane, kwangu adhana ya alfajiri ilishapita na muuza mahamri alikuwa njiani. Picha inaganda, inaruka, inaganda. Nikaona weupe mtupu na kitu chekundu kikipita kama risasi. Hiyo ilikuwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, na shindano lilikuwa la supa-jii kwa wanawake.

"Mkenya gani?" nikauliza.

Akanitajia Sabrina Simader. Alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, baba wa kambo akamfundisha kuteleza. Kenya nzima katika michezo ile ilikuwa ni yeye peke yake, ndiye aliyebeba bendera. Wengi wetu tulimkumbuka Philip Boit pekee, yule wa Nagano 1998, ambaye katika mbio zile za tambarare alishika nafasi ya mwisho, ya 92, na Bjørn Dæhlie, mshindi mwenyewe, akamsubiri mwishoni amkumbatie. Lakini kushuka mlima kwa mwendo wa gari la barabara kuu ni shughuli nyingine kabisa.

"Kilifi hii hii?" nikasema. "Ah! Amekulia Austria huyo. Ni Mkenya wa karatasi."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe haujakata, maana nilikuwa nasikia mtangazaji wa Kijerumani akiongea.

Kisha akaanza kunieleza mchezo, polepole, kama mwalimu aliyekasirika lakini ana adabu. Alisema kwenye supa-jii hakuna kufanya jaribio. Malango yakishapangwa mlimani, wachezaji wanaruhusiwa kushuka kandokando taratibu wakiyakagua, wanayahifadhi moja baada ya jingine, hapa kona ya kushoto, hapa utaruka usione mbele. Ukiwaona juu kule kabla ya kuanza, wamefumba macho, mikono inapinda hewani, kama mtoto wa chuoni anayerudia sura yake kabla ya kuitwa mbele. Halafu unashuka mara moja tu. Ukikosea hakuna kufuta. Nikafikiria mimi ninayeandika ukurasa mmoja mara saba.

Alinieleza na nambari za kifuani. Wenye sifa hupangwa katika ishirini za mwanzo, njia ikiwa bado nzima. Lindsey Vonn wa Marekani siku ile alishuka wa kwanza kabisa. Wengine wanafuata nyuma kwa kadiri ya pointi zao, na kila anayepita anaikwangua theluji kwa makali ya vibao, hata wa nyuma hukuta mlima uleule una makovu. Ni wachache wanaotegemea bingwa atoke huko. Anna Veith wa Austria, bingwa wa 2014, alikuwa anaongoza, na huko Marekani televisheni iliyokuwa ikionyesha ilishamtangaza mshindi ikahamia mchezo mwingine.

Ndipo akashuka nambari 26. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki. Watu walimjua zaidi kwa kuteleza juu ya ubao mmoja, ule wa kusimama kwa ubavu, na vibao alivyovaa siku ile vilikuwa vya Mikaela Shiffrin, si vyake. Picha yangu iliganda katikati ya mlima. Nikasikia mdogo wangu anapiga kelele kwa Kijerumani, picha ikarudi, nikamwona mtu amesimama chini, mdomo wazi, anaangalia ubao wa saa bila hata kunyanyua mkono. Alikuwa anasubiri waurekebishe, maana kwake ilikuwa lazima ni kosa. Alikuwa amemshinda Veith kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni sentimita 28. Urefu wa kandambili. Wiki moja baadaye alishinda dhahabu ya ule mchezo wake wa ubao, na kwenye michezo ya baridi hakuna aliyewahi kutwaa dhahabu mbili namna hiyo.

Mimi tayari nilitaka kulala. Nimeshaona maajabu, basi.

"Ngoja," akasema. "Bado yeye."

Tukangoja. Nambari za nyuma zikapita mmoja mmoja, mtangazaji amepunguza sauti, hata makelele ya watazamaji yamepungua. Mdogo wangu alikuwa macho usiku kucha, peke yake sebuleni, mamake amelala. Sikuwa nimewahi kujiuliza anakaaje huko, na kama huko nako wanamwita jina fulani.

Akatokea. Nilimwona kwa sekunde tano, labda sita. Amejikunja, mikono mbele, lango la kwanza, la pili, anainuka, anajikunja tena. Na huyo ni mtu wa miaka kumi na tisa. Nikashtuka nimekaa wima kitandani nasema, "Haya, haya, haya mama, twende," kama niko uwanjani. Kisha simu yangu ikafa. Chaji.

Umeme hatukuwa nao mpaka adhuhuri. Nilishinda asubuhi nzima natembea na waya mkononi, nikiuliza kwa majirani nani ana stima. Ilipowaka nikatafuta matokeo, nikashuka, nikashuka, nikashuka na orodha. Wa 38. Amemaliza, amefika chini kwa miguu yake, wakati wengine waliotoka juu hawakumaliza.

Nikamwandikia mdogo wangu: "Wetu kawa wa 38."

Akajibu neno moja tu: "Wetu?"

Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Ile bahasha ilikuwa juu ya meza, imefungwa tayari, anwani kwa wino mweusi. Niliigeuza upande wa nyuma, na hapo ndipo nilipoanza kumwandikia barua, kwa mkono, kwa Kiswahili chepesi atakachoweza kukisoma.