Kufundisha Nishati ya Nyuklia Mbele ya Hofu ya Watu

Neno nyuklia haliingii darasani likiwa tupu. Mtoto huja nalo kutoka nyumbani, limekwisha kupewa maana na redio, na wazee wa barazani, na jirani aliyemuuguza ndugu yake kwa mionzi pale Ocean Road. Mwalimu anayeanza somo kwa kuandika fasili ubaoni hudhani anajaza chombo kitupu, kumbe chombo kimekwisha kujaa.

Mwanachuo mmoja niliyemkagua katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule ya msingi huko Mbagala, alikuwa akifundisha vyanzo vya nishati. Alitaja maji, gesi na upepo. Alipofika kwenye jua akaeleza kuwa huwaka kwa sababu viini vya atomi huungana ndani yake, na kwamba wataalamu wanajaribu kuiga kazi hiyo duniani. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, likilipuka, sisi tutakimbilia wapi?" Wenzake wakacheka. Mwanachuo akajibu kuwa hilo halimo katika mtihani, akaendelea.

Mbagala ni mahali ambapo ghala la silaha za jeshi lililipuka tarehe 29 Aprili 2009. Gongo la Mboto ikafuata tarehe 16 Februari 2011. Msichana yule hakuwa amezaliwa, lakini yamkini mama yake alikimbia. Swali lake lilikuwa kumbukumbu ya mtaa mzima. Nenda Kinondoni ukamweleze mzazi habari za mitambo mipya, naye atataka kwanza kujua taka zitatupwa wapi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga dampo, wakapata amri ya kulizuia. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakafungua shauri mwaka 1991. Watu wa namna hii huuliza kwa sababu wamepata kuona, wala tusiseme kuwa ni kwa kukosa shule.

Basi mwalimu alipokee swali, kisha alichambue. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 na mtambo wa Chernobyl ulioharibika mwaka 1986 vilitumia nguvu ya kupasua viini vizito. Kuunganisha ni kazi nyingine: viini vyepesi vya hidrojeni hukutanishwa katika joto kali mno. Katika mtambo unaojengwa Cadarache, Ufaransa, joto hilo linakusudiwa kufikia nyuzi milioni 150, takriban mara 10 ya kitovu cha jua. Fueli inayokuwamo ndani kwa wakati mmoja ni gramu chache tu, na hali ikivurugika kidogo moto huzimika, kama kibatari kilichopigwa na upepo. Hata hivyo, mtoto asidanganywe. Bomu la hidrojeni, lililojaribiwa mara ya kwanza mwaka 1952, hutumia muungano huo huo, likiwashwa kwa bomu la kupasua viini. Na kuta za mtambo nazo hupata mionzi, kwa hiyo swali la taka hupungua uzito lakini haliishi.

Kutia chumvi katika ahadi ni kosa lile lile la kutisha. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, leza ziliingiza megajuli 2.05 zikatoka 3.15, na dunia ikashangilia. Lakini leza hizo zilikuwa zimekula umeme wa megajuli 300 hivi. Hakuna nyumba hata moja, Ulaya wala Temeke, inayowashiwa taa kwa nguvu hiyo. Umeme wetu hutoka kwenye maji, kama yale ya Bwawa la Julius Nyerere lililojengewa megawati 2,115, na kwenye gesi, kama ile ya Songosongo.

Nilimshauri mwanachuo awaagize wanafunzi wawaulize watu wazima wawili nyumbani wanasikia nini linapotajwa neno nyuklia, nao walete maneno yale yale bila kuyapamba. Kesho yake aliyaandika ubaoni bila kusahihisha lolote, kisha darasa likayapanga: haya ni ya kupasua, haya ya kuunganisha, haya ya hospitali. Safu ya nne ikawa ya kutowaamini wenye dhamana. Safu hiyo haijibiwi na sayansi, na ni afadhali mwalimu aseme hivyo waziwazi kuliko kuifunika kwa takwimu.

Wengi walileta neno kansa. Wachache mno walileta umeme. Mvulana mmoja alileta swali la babu yake: urani ya Namtumbo ikichimbwa, taa zitawaka kwa nani? Mwanachuo aliweza kueleza kuwa urani haitumiki kama fueli katika kuunganisha viini. Sehemu iliyobaki ya swali aliipeleka kwa mwalimu wa Uraia na Maadili.