Boston, Mji wa Mafundi wa Filimbi

Katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, uko mji wa kale wa Boston. Wageni wengi huuendea kwa ajili ya bandari yake, vyuo vikuu vyake na kumbukumbu za vita vya uhuru wa Marekani. Lipo pia kundi dogo la wasafiri wasioshughulika na hayo yote. Hao huwasili na sanduku jembamba lisilofikia urefu wa dhiraa moja, nao hupita katika karakana moja baada ya nyingine wakipuliza, wakisikiliza na kupuliza tena. Ni wapiga filimbi waliokwisha kuhitimu, na wanachokitafuta ni chombo kitakachowafaa maisha yao yote.

Filimbi inayozungumzwa hapa siyo ile ya refa wa mpira, wala ile ya mwanzi aliyoizoea mchunga ng'ombe. Ni filimbi ya okestra, inayoshikwa kwa ubavu, yenye urefu wa sentimeta 67 hivi na vipande vitatu: kichwa, kiwiliwili na mguu. Ile ya fedha iliyofanywa kwa mkono huweza kupita dola za Marekani 10,000, na ile ya dhahabu hugharimu mara kadhaa ya hiyo. Kwa mwalimu wa muziki au mpigaji wa okestra, hayo ni matunda ya kujinyima kwa miaka mingi. Akikosea kuchagua, atalazimika kushindana na chombo chake kila siku, pengine kwa miaka ishirini au thelathini. Ndiyo sababu safari ya Boston haichukuliwi kwa wepesi.

SONARA WA MUNICH

Asili ya filimbi hiyo haiko Boston bali Munich, nchini Ujerumani. Huko ndiko alikozaliwa Theobald Boehm mwaka 1794. Alijifunza usonara, kisha akawa mpiga filimbi katika okestra ya mfalme wa Bavaria. Filimbi za wakati wake zilikuwa za mbao, na matundu yake yaliwekwa mahali vidole vinapofika. Kwa hiyo noti nyingine zilitoka kwa nguvu na nyingine zilififia.

Mwaka 1831 Boehm alikwenda London, akamsikia Charles Nicholson akipiga filimbi yenye matundu makubwa. Sauti yake nzito ilimshangaza. Aliporudi nyumbani aliligeuza swali: badala ya kuuliza vidole vinafika wapi, aliuliza sauti inataka tundu likae wapi. Alitoboa matundu makubwa pale sauti inapoyataka, kisha akatengeneza vifuniko na vyuma vya kuviunganisha ili vidole tisa vitawale matundu yaliyozidi idadi yao. Filimbi yake ya kwanza ya namna hiyo ilitoka mwaka 1832. Mwaka 1847 alitoa nyingine yenye bomba la madini lililo sawa toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kichwa kinachopungua upana kuelekea kwenye kizibo. Filimbi zinazotengenezwa Boston leo bado ni za ukoo huo.

VIJIKO VYA FEDHA

Boston ilikuwa tayari kuupokea ufundi huo. Mji huo ulikuwa na masonara tangu enzi za ukoloni wa Kiingereza, na jirani yake, Waltham, ulipata sifa kwa kiwanda chake kikubwa cha saa. Okestra ya Boston ilianzishwa mwaka 1881, na mwaka 1900 ikafunguliwa Symphony Hall, ukumbi unaosifiwa hadi leo kwa namna unavyoibeba sauti. Penye masonara, mafundi wa saa na wanamuziki wenye masikio makali, fundi wa filimbi hakosi kazi wala wakosoaji.

William S. Haynes alianzisha karakana yake mjini humo mwaka 1888. Miaka kadhaa baadaye alijiunga naye Verne Q. Powell kutoka mji mdogo wa Fort Scott katika jimbo la Kansas. Powell alikuwa amejifanyia filimbi yake mwenyewe kwa kuyeyusha vijiko vya fedha, makasha ya saa na sarafu, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Boston. Mwaka 1927 aliacha kazi kwa Haynes na kufungua karakana yake.

Kutoka Ufaransa alikuja Georges Laurent, aliyeongoza wapiga filimbi wa okestra ya Boston kuanzia mwaka 1918 hadi 1952. Pamoja naye ilizidi kuenea desturi ya Kifaransa ya filimbi ya fedha yenye vifuniko vilivyotobolewa katikati. Baadaye walitokea mafundi wengine, wakiwamo ndugu wawili wa ukoo wa Brannen, ambao karakana yao iko Woburn. Hao walishirikiana na Albert Cooper, fundi wa London, aliyepanga upya mahali pa matundu ili filimbi ilingane vizuri zaidi na vyombo vingine.

RELI YA MAGHARIBI

Siku hizi karakana nyingi zimehama katikati ya mji. Mpigaji anayezitafuta hupanda gari moshi katika stesheni ya North Station na kuelekea magharibi. Gari hupita Waltham, ulikokuwa ufundi wa saa, kisha Concord penye misitu na vijito. Akishuka South Acton, msafiri huwa karibu na karakana ya Haynes iliyoko Acton. Jirani tu ni Maynard, mji mdogo uliokua kwa kiwanda cha nguo za sufu kando ya mto Assabet. Humo katika majengo ya kiwanda hicho cha zamani ndimo Powell wanamofanyia kazi yao. Akiendelea mbele hufika Shirley, yaliko makao ya filimbi za Burkart. Pengine hakuna reli nyingine duniani iliyopangwa na mafundi wa filimbi namna hiyo.

Kazi ya karakana za namna hii ni ya utulivu. Mabomba ya fedha huwa membamba mno; unene wa kawaida ni milimita 0.4 hivi, karibu na ukucha wa mtu. Midomo ya matundu ama huvutwa kutoka katika bomba lenyewe, ama hutengenezwa mbali na kuunganishwa kwa lehemu. Chini ya kila kifuniko kuna pedi ambayo lazima iguse tundu pande zote kwa wakati mmoja. Fundi huipima kwa kipande cha karatasi nyepesi kama ya sigara: hukibana, hukivuta, husikia kwa kidole pale penye ulegevu, kisha huongeza chini ya pedi karatasi iliyo nyembamba kuliko ile. Usione vyaelea, vimeundwa.

MKONO KWANZA, KISHA MDOMO

Anayejifunza hupewa filimbi. Mpigaji hodari huichagua. Uchaguzi wake huanzia mkononi. Vifuniko vya noti ya G vyaweza kupangwa katika mstari mmoja na vingine, au kusogezwa kando kidogo ili kidole cha pete cha mkono wa kushoto kisinyooshwe kupita kiasi. Wengi huupenda mstari mmoja kwa uzuri wake, hali mkono wao unalia. Mwenye hekima hufuata mkono. Kisha huamua kama atachukua mguu mrefu unaoshuka hadi noti ya B, na kama anataka chombo cha kuisaidia noti ya E ya juu, ambayo ni sumbufu katika filimbi nyingi.

Lipo pia jambo la kipimo cha sauti. Okestra nyingi za Ulaya hulinganisha vyombo kwa kipimo kilicho juu kidogo kuliko 440, kipimo cha kimataifa cha noti ya A. Mafundi hutengeneza filimbi za 440 na za 442, na anayenunua lazima ajue atapiga na nani. Filimbi ya 442 katika kikundi cha 440 humlazimisha mwenyewe kuivuta kichwa kila mara, na ikivutwa mno, noti zake huanza kugombana.

Lakini kiini cha filimbi ni kichwa chake. Tundu la kupulizia lina upana wa milimita 12 hivi kwa 10, na ukingo unaokata pumzi hukwanguliwa kwa mkono. Tofauti ndogo kuliko unene wa unywele, katika pembe au mviringo wa ukingo huo, yatosha kuifanya filimbi iitike upesi au ichelewe, iwe na sauti nyeupe au nzito. Hakuna kichwa kilicho bora kwa watu wote, kwa kuwa hakuna midomo miwili iliyo sawa. Kwa hiyo mpigaji mzoefu hujaribu vichwa vingi juu ya kiwiliwili kimoja.

Katika majaribio hayo hapigi vipande vya kujionyesha. Huanza na noti ya chini kabisa, kwa sauti ndogo iwezekanavyo. Hupanda hadi zile za juu, napo hutaka ziwe ndogo bila kukatika. Huvuka mara nyingi kutoka C kali ya kati kwenda D, mahali ambapo vidole vingi hubadilika kwa pamoja na ubora wa chombo hudhihirika. Hupiga noti za ulimi wa haraka, halafu hupunguza na kuongeza nguvu juu ya noti moja, akitazama kama sauti inapanda au kushuka. Baada ya hapo huhamia ukumbini. Rafiki hukaa nyuma kabisa na kufumba macho, asijue ni filimbi ipi inayopigwa. Mara nyingi ile iliyovuma sikioni mwa mwenyewe hufika nyuma imechoka, na ile iliyoonekana ya kawaida hujaza ukumbi.

DHAHABU NA SIKIO

Hapo ndipo linapokuja swali linalomaliza fedha za watu: fedha, dhahabu, au platinamu? Mwaka 1935 Georges Barrère, mpigaji mashuhuri wa New York, alifanyiwa filimbi ya platinamu na karakana ya Haynes, na mwaka 1936 mtunzi Edgard Varèse aliitungia kipande chenye jina la uzito wa madini hayo: 21.5. Tangu hapo wengi wameamini kwamba madini mazito huleta sauti nzito.

Wataalamu walipopima, waliona vingine. Mwaka 1971 Mmarekani John Coltman alichapisha matokeo ya jaribio lake la filimbi za fedha, shaba na mbao, zenye vichwa vya namna moja. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Hata wapigaji wenyewe, walipofichwa wanachokishika, walishindwa. Mwaka 2001 huko Vienna zilipimwa filimbi saba za muundo mmoja, kuanzia iliyopakwa fedha tu hadi ya platinamu. Ikaonekana kwamba tofauti kati ya mpigaji na mpigaji ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya madini na madini. Kinachounda sauti ni hewa inayotikisika ndani ya bomba, na hewa hiyo huongozwa na umbo la bomba, ukingo wa kichwa na midomo ya mtu.

Wapo wapigaji wasiokubali, na haifai kuwacheka. Dhahabu ni nzito mkononi na haigeuki rangi upesi, na mafundi wengi huitengea kazi yao iliyo bora kabisa. Anayeipenda na anayeimudu hakosei. Anayekosea ni yule anayekopa ili kununua madini, akaacha mezani kichwa cha fedha kilichomjibu vyema.

MTI KUTOKA KUSINI

Miongoni mwa vyombo hivyo vinavyong'aa hukaa kimoja cheusi. Ni filimbi ya mpingo. Powell hutengeneza filimbi kubwa za mti huo, na filimbi ndogo za okestra, zile za sauti ya juu sana, kwa sehemu kubwa hufanywa kwa mpingo. Mti huo ni ule ule wanaouchonga Wamakonde. Huota katika mikoa ya Lindi na Mtwara nchini Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, huzama majini kwa uzito wake, na huchukua miaka sabini au zaidi kabla ya kufaa kuvunwa. Kwa kuwa shina lake hujipinda na kupasuka, ni sehemu ndogo tu ya gogo inayofaa kuwa chombo cha muziki.

Biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi iliwekewa masharti ya kimataifa tangu mwanzo wa mwaka 2017, na vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa katika masharti hayo mwishoni mwa mwaka 2019. Huko Kilwa, vijiji vinavyotunza misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, ili mti uuzwe bila kumalizwa. Mpigaji anayechagua filimbi ya mpingo hupewa pia maagizo: aipige dakika chache tu kila siku katika majuma ya kwanza, aikaushe vizuri kila amalizapo, wala asiiache karibu na joto la nyumba za majira ya baridi, isije ikapasuka.

Mara nyingi chombo hicho cheusi huishinda dhahabu pale ukumbini, rafiki akiwa amefumba macho. Mara nyingine hushindwa na fedha ya kawaida. Mpigaji aliyekuja kwa safari ndefu huandika majibu ya rafiki yake, hulala usiku mmoja, na kesho yake hurudia yote toka mwanzo. Filimbi inayochaguliwa mara mbili bila kuonekana ndiyo anayoilipia.