Kanyagio la Mjomba

Wahenga waliposema usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake, mimi nilidhani hiyo ni methali ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka huu methali hiyo ilitoka daftarini ikanikamata shati. Soma, mwenzangu, uone jinsi kisanduku kimoja cha chuma kilivyonifunza adabu.

Mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa. Alikulia kwenye benga ya Christopher Monyoncho, na ujanani mwake harusi nyingi za kijijini kwetu zilichezwa kwa vidole vyake. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kushoto hauwezi kukaza nyuzi. Basi gitaa akanipa mimi, na pamoja nalo akanipa kanyagio alilolinunua likiwa mtumba katika River Road, Nairobi, mwaka wa 1983. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, hili ndilo lililobaki la ujana wangu. Litunze."

Kwa asiyelijua, kanyagio hilo hukaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Ukikanyaga kitufe chake, sauti ya gitaa hukwaruza na kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Mjomba husema linaongea kama obokano, chombo chetu cha nyuzi nane. Sisi Abagusii tuliujua utamu wa mvumo kabla hata ya kuona umeme. Huko Marekani, ajabu ni kwamba sauti hiyo ilipata umaarufu kwa sababu ya uharibifu. Mjini Nashville, wimbo wa Marty Robbins ulipokuwa ukirekodiwa, mtambo wa studio ulipata kasoro na gitaa likakwaruza. Wenyewe wakaupenda mkwaruzo, wakauacha. Mwaka wa 1962 makanyagio ya kuutoa makusudi yakaanza kuuzwa, na mwaka wa 1965 kundi la Rolling Stones likautangaza ulimwengu mzima.

Sasa turudi Nyanchwa. Muhula wa pili tulikuwa tukijiandaa kwa jioni ya burudani. Siku moja baada ya mazoezi, mvua ilianza kunyesha, ile mvua yetu ya Kisii isiyobisha hodi. Rafiki yangu, ambaye tulilala kitanda kimoja, yeye juu mimi chini, alinisaidia kubeba vyombo kutoka bwaloni. Kwenye ngazi akateleza, na mfuko uliokuwa na kanyagio ukaanguka pu! Kesho yake nilipochomeka waya na kukanyaga kitufe, kimya. Nikikanyaga tena kulizima, gitaa linasikika vizuri. Nikiliwasha, kimya cha kaburini.

Sikuuliza, sikupima. Nilimfuata mpaka darasani, nikamwambia mbele ya watu, "Wewe umeua kitu cha mjomba wangu!" Akajaribu kujitetea. Nikamkatiza. Tangu siku hiyo tukawa kama paka na panya. Majuma matatu tulipanda na kushuka kitanda kile kile bila hata "lala salama."

Likizo fupi ilipofika, sikuthubutu kwenda kwa mjomba mikono mitupu. Nilishuka mlima wa Nyanchwa nikaenda moja kwa moja hadi Daraja Mbili, kwa mzee mmoja fundi wa redio. Kibanda chake kilijaa redio zilizofumuliwa matumbo, na skrubu alizihifadhi katika vibakuli vya mawe ya Tabaka. "Bwakire, mzee," nikamsalimu. Nikamweleza habari ya ngazi, ya mvua na ya rafiki yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana, umenieleza habari za mtu. Mimi natengeneza vitu. Hebu tukiulize hiki chenyewe."

Akafungua kifuniko, akatoa betri, akaipima kwa mita. Betri ya volti 9 ikasoma volti 4 na kidogo.

"Hii hukaa na waya umechomekwa?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Sichomoi, naweka hivyo hivyo tu."

Akatikisa kichwa. Akanionyesha tundu la kuchomekea waya wa gitaa. Kumbe tundu hilo ndilo swichi ya betri! Waya ukiwa ndani, betri inafanya kazi hata kama hupigi gitaa, hata kama umelala. Kwa karibu majuma matano niliiacha ikinywewa usiku na mchana. Uso wangu ulianza kupata joto.

Tukatia betri mpya. Bado kimya. Nikasema kwa haraka, "Unaona, mzee! Ni kule kuanguka." Hakunijibu. Alichukua kipande cha waya, akakiunga na kapasita ndogo, akaunganisha upande mmoja na amplifaya yake. Akaniambia nipige gitaa bila kuacha. Kisha kwa ncha ya waya akawa anagusa saketi hatua kwa hatua, kuanzia pale sauti inapoingia. Alipogusa mlango, gitaa likasikika. Transista ya kwanza, likasikika kwa nguvu zaidi. Transista ya pili, mvumo wenyewe ukatoka, nusura niruke kwa furaha. Akafika kwenye kapasita ya mwisho. Akagusa mguu wake: sauti ipo. Akagusa risasi iliyoushika mguu huo, umbali usiozidi unene wa punje ya wimbi: kimya.

"Mgonjwa wetu ni huyu," akasema.

Alinipa lenzi nichungulie. Kuzunguka mguu ule palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa mlikuwa na weusi wa kutu. "Kama ungevunjika juzi, ungeng'aa," mzee akaeleza. "Huu ni wa miaka. Pengine kuanguka kuliusukuma kidogo, lakini hata angelibeba kama yai, siku yake ilikuwa imefika." Akaupasha moto, akafuta risasi ya zamani, akalehemu upya. Transista alizishika miguu kwa koleo, maana zile za zamani za gerimani haziwezi joto jingi. Kazi ya dakika mbili. Nikakanyaga kitufe, na obokano la umeme likaunguruma Daraja Mbili nzima!

Jioni nilimfikishia mjomba na kumsimulia yote. Alicheka kwa ule upande wa uso unaocheka. "Kwani sikukuambia? Hilo lilikuwa likinizimikia tangu zamani. Nalipiga kofi, linaamka."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Kofi moja! Na mimi niliitupa miaka mitatu ya urafiki.

Shule ilipofunguliwa, nilimwomba rafiki yangu radhi darasani, mbele ya wale wale niliomshtaki mbele yao. Haikuwa rahisi, jamani, magoti yalinicheza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Lakini ungeniuliza tu." Siku hizi tunasalimiana na tunacheka, ila hajarudi kunibebea vyombo, nami simlazimishi. Ufa uliolehemiwa unahitaji muda wa kupoa.

Mwenzangu msomaji, ikiwa chombo chako kimezimika, anza na betri, kisha fuata sauti pole pole mpaka pale inapopotelea. Na kabla hujamnyoshea mtu kidole, hakikisha kwanza kwamba waya ulichomoa wewe.