Chumba na Nyumba

Bahasha ya kipimo cha mirija ilikaa juu ya kabati langu miezi mitatu. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na daktari wa kwanza aliitazama picha akasema kizazi changu kina pembe mbili. Nifunguliwe tumbo, ziunganishwe. Nikaitikia. Nililelewa hivyo: daktari akishasema, unashukuru, unaondoka. Kwenda kwa mwingine nilikuona kama kumsaliti mtu aliyenipokea kwa wema.

Shangazi ndiye aliyenitoa ndani. "Mwanangu, gauni lako la harusi tulizunguka Kariakoo kwa mafundi wanne. Kizazi ndio umpe wa kwanza?"

Daktari wa pili, mama wa makamo, aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Hakumsema mwenzake vibaya. "Hii imepiga chumba," akaniambia, "haijapiga nyumba." Akachora kwa kalamu nyuma ya bahasha yangu. Dawa inayosukumwa kwenye kizazi hujaza uwazi wa ndani tu, na eksirei huonyesha pale ilipofika. Ikigawanyika mara mbili, picha hiyo pekee haitoshi kujua kama kizazi kimegawanyika hadi nje, au nje ni kizima na ndani umebaki ukuta wa nyama.

Umebaki. Neno hilo nililishika. Kizazi cha kila mwanamke, akiwa bado tumboni mwa mama yake, huanza kama mirija miwili. Huungana, kisha ukuta wa katikati huyeyuka. Kwa wengine hauyeyuki wote. Na mimi miaka miwili nilikuwa nikijilaumu kwa vidonge vya uzazi wa mpango nilivyomeza chuoni, kwa kuwa ndivyo walivyonong'ona majirani. Kumbe nilizaliwa nao. Nililia pale pale kitini.

Altrasaundi ya pande tatu ikaonyesha nje hakukubonyea popote: ni ukuta wa ndani. Ningepasuliwa tumbo kwa tatizo nisilokuwa nalo. Akapima na figo, maana kasoro hizi wakati mwingine huja na figo moja. Zangu zipo mbili.

Nikataka ukuta ukatwe wiki hiyo hiyo. Akanituliza. Hukatwa kwa kifaa chenye kamera kinachopitishwa ukeni, na madaktari wengi hufanya hivyo. Lakini utafiti uliochapishwa 2021, wa wanawake 80, haukuona waliokatwa wakizaa zaidi ya wasiokatwa. Ni utafiti mdogo, akasema, haujafunga mjadala. "Nenda ukafikiri na mwenzio." Siku ile nilikasirika, nilikuwa nimefuata jibu. Leo naona hakuna aliyewahi kuniheshimu hivyo katika chumba cha daktari.

Majibu niliyarudisha kwa daktari wa kwanza, viganja vikitoka jasho. Alisoma kimya, akavua miwani, akaniuliza altrasaundi ile nilipigwa wapi. Akaandika.

"Kuna mgonjwa wangu mwingine," akasema, "ana picha kama yako."